Nani Amekufa? Tuliposoma tamthilia ya Mekatilili mbele ya watu

Jumamosi iliyopita tulisoma kwa sauti, mbele ya watu wapatao sitini, tamthilia mpya juu ya Mekatilili wa Menza. Hapakuwa na mavazi, taa za jukwaani wala ngoma. Palikuwa na viti saba, wasomaji saba, kila mmoja na mswada wake mkononi na chupa ya maji miguuni. Mimi ni mhariri wa tamthilia. Hukaa na mwandishi tangu rasimu ya kwanza mpaka kazi iwe tayari kukabidhiwa mwongozaji. Naulizwa mara kwa mara kwa nini tuwaite watu waje kusikiliza kitu ambacho bado hakijaiva. Acha nieleze yaliyotokea jioni ile.

Kwanza kisa chenyewe, kwa asiyekijua vizuri. Mwaka 1913 serikali ya Waingereza iliwabana Wagiriama, wakulima wa pwani ya Kenya, walipe kodi ya kibanda na watoe vijana wao wakafanye kazi za vibarua mashambani mwa wageni. Mekatilili, mama mjane, akazunguka kijiji baada ya kijiji akicheza ngoma ya kifudu, watu wakamfuata, na huko Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, wakala viapo vya kuikatalia serikali. Oktoba mwaka huohuo akakamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mbali kabisa magharibi mwa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Agosti 1914, mwezi uleule Uingereza ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na mapigano yakawaka.

Karibu kila aliyekuwa ukumbini alikuwa akijua hayo. Huo ndio ugumu wa kuandika juu ya watu wa historia: msikilizaji anajua mwisho kabla hujafungua mdomo. Mwandishi naye anaogopa kuacha jambo, hivyo anawageuza wahusika wake kuwa walimu. Katika onyesho la pili, Wanje alikuwa akimwambia Mekatilili, "Kama ujuavyo, Bwana Champion ndiye msaidizi wa mkuu wa wilaya, na ametumwa akusanye kodi." Nilikuwa nimeupitia mstari huo mara mbili kwenye karatasi, haukunisumbua hata kidogo. Uliposomwa kwa sauti, nikasikia watu wakikohoa na viti vikilia. Ikiwa Mekatilili anajua, anaambiwa nini? Tangu siku hiyo nimeupekua mswada mzima nikiwinda kila "kama ujuavyo", na nimezipata nne.

Wakati wa usomaji mimi siwatazami wasomaji. Hukaa pembeni, uso umeelekea kwa watu, penseli mkononi. Mswada nimekwisha kuujua. Nisichokijua ni mahali gani bega la msikilizaji litalegea, au lini yule aliyekuwa akichezea simu ataiweka chini.

Onyesho la kuku ndilo lililonifunza zaidi. Simulizi zinasema kwamba katika mkutano na Arthur Champion, Mekatilili alileta kuku na vifaranga vyake, akamwambia yule ofisa achukue kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Ndivyo itakavyokuwa, mama akasema, ukijaribu kuchukua wana wetu. Sasa, utasomaje kuku? Hapa ndipo kazi yote inapomwangukia msomaji wa maelezo ya jukwaa, yule ambaye watu wengi humwona wa ziada. Wetu alikuwa kijana mtulivu mwenye sauti kavu. Alisoma: "Champion anainama. Anakunja mkono wa shati. Ananyoosha vidole." Kisha akanyamaza. Nilihesabu moyoni hadi tatu. "Kuku anamdonoa." Ukumbi mzima ulishtuka na kucheka kwa pamoja, wala kuku hayupo.

Halafu ikafuata hotuba ya nusu ukurasa, Mekatilili akieleza maana ya kuku, maana ya kifaranga na maana ya mdono. Msomaji wetu ni hodari, alijitahidi sana. Lakini kile kicheko kilikuwa kimekwisha kuelewa kila kitu, na hotuba ikawa inawaeleza watu walichokwisha kukiona. Nilimtupia jicho mwandishi. Alikuwa ameshaanza kukata.

Kuna suala jingine ambalo kwenye karatasi halionekani, nalo ni lugha. Mekatilili alisema Kigiriama, Champion Kiingereza, na tamthilia yetu iko kwa Kiswahili. Mwandishi aliamua kwamba Mekatilili akiwa na watu wake azungumze Kiswahili kilichonyooka, chenye mafumbo na mzaha, lakini mbele ya ofisa maneno yake yapite kwa mkalimani, yatoke yamepungua. Anasema sentensi tano, mkalimani anatoa moja. Nilihofia kuwa itachosha. Kumbe watu walianza kusogea mbele vitini, kila mmoja akitega sikio asikie kipi kimeachwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mswada huu una nguvu kuliko mahali pengine popote, na tusingeligundua bila masikio ya wageni.

Baada ya kusoma tunafungua mjadala. Siulizi kama watu wameipenda. Wenye heshima zao watasema ndiyo. Huuliza ulichoka wapi, ulipotea wapi, ni nani ungependa kumsikia tena. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisimama, akasema kuna neno limemkwama kooni: mbona Mekatilili anawaita vijana "watoto wa Kenya" mwaka 1913? Alikuwa sahihi kabisa. Jina hilo lilikuja kuwa la koloni mwaka 1920. Wakati ule serikali ilijiita Himaya ya Afrika Mashariki. Na neno "Mijikenda", jina la pamoja la makabila tisa ya pwani, Wagiriama wakiwemo, lililokuwa kwenye onyesho la nne, lilienea baadaye zaidi, miaka ya 1940. Yote mawili yametoka.

Msikilizaji mwingine alilalamika kwamba kile kipande cha kutembea kutoka Kisii kimetiwa chumvi, mama wa umri ule hawezi. Hapo niliweza kujibu, kwa sababu tuna desturi moja ninayoisisitiza kwa kila mwandishi anayegusa historia. Pembeni mwa mswada tunaandika herufi: K kwa lililomo katika kumbukumbu za serikali, S kwa lililotoka katika simulizi, M kwa alilobuni mwandishi mwenyewe. Kutoroka kule kuna K. Kuku ana S. Mekatilili hakutuachia karatasi hata moja kwa mkono wake. Maneno yake yametufikia kupitia kalamu za maofisa waliotaka aondoke na vinywa vya wajukuu wanaomwenzi. Mwandishi ana haki ya kubuni, na lazima abuni, ila ajue kila mara amesimama juu ya herufi ipi.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama mmoja mwenye leso begani, ambaye jioni nzima hakuwa amesema neno.

"Mwanangu," alimwambia mwandishi, "hicho kifudu unachokichezesha, mimi nimekicheza. Ni cha matanga. Sasa hapo kwenye mchezo wako, nani amekufa?"

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumeisoma rasimu ile mara tatu na kifudu tulikichukulia kama njia ya kuwakusanya watu tu, ngoma ya kuchangamsha mwanzo wa onyesho. Mwandishi hakujitetea. Alisema, "Ahsante, mama," akaandika.

Jumatatu asubuhi nilipokea kurasa mbili mpya za onyesho la kwanza. Mekatilili anaingia uani, katika mji ambao wote ni wazima, peke yake, bila ngoma, na anaanza kucheza kifudu. Milango inafunguka. Wanawake wanatoka mbio, mmoja bado ana unga mikononi, wanaulizana kwa hofu: nani amekufa? Mekatilili hawajibu. Anaendelea kucheza, huku akiwatazama wana wao mmoja mmoja.