Mbale moja inayong'aa haikwambii mwamba una gramu ngapi
Kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu) ya Misungwi na Geita utasikia ushauri huu: chukua mbale (kipande cha jiwe) yenye dhahabu inayoonekana kwa macho, ipeleke maabara Mwanza, utajua mwamba wako, yaani mkanda wa jiwe lenye dhahabu, una gramu ngapi za dhahabu kwa tani. Si kweli, na imani hiyo inafilisi watu. Dhahabu haijasambaa sawasawa ndani ya mwamba. Chembe moja ikiangukia kwenye gramu 50 za unga wa jiwe zinazoyeyushwa maabara, jibu linapaa, na hatua moja pembeni huenda hakuna kitu.

Sampuli ya haki hukatwa kama mfereji mwembamba, upana na kina kilekile, kuvuka mwamba kutoka ukuta hadi ukuta (jiwe la pembeni linaloubana mwamba), palipo laini na palipo pagumu kwa uwiano wake. Osha uso wa mwamba kwanza, tandika turubai, kusanya hata vumbi. Rudia kila baada ya mita chache.

Halafu kuna upana, ambao wengi hawaupimi kabisa. Mwamba wa sentimita 30 wenye gramu 20 kwa tani, ukichimba mita nzima ili mtu apite na kuta ni tupu, kinachofika kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) ni kama gramu 6 kwa tani. Gharama za baruti, magogo na kuvuta maji zipigiwe hesabu kwa hizo 6.