Je, mtu hupata saratani kwa sababu kinga yake imeshuka?

"Daktari, niambie ukweli. Nimepata kansa kwa sababu kinga yangu imeshuka?" Swali hili tunaulizwa kliniki mara kwa mara, na si ajabu anayeuliza kukuta ana chupa ya dawa ya "kuongeza kinga" kwenye mkoba, aliyoinunua kwa fedha ambayo ingetosha nauli na vipimo. Ni swali la maana sana. Jibu fupi ni kwamba kwa wagonjwa wengi, hapana. Jibu refu lina faida zaidi, kwa hiyo naomba twende nalo polepole.

Karibu kila seli mwilini hukatakata baadhi ya protini inazotengeneza na kuvitundika vipande vyake kwenye utando wake wa nje, kama mfanyakazi anavyovaa kitambulisho kifuani. Seli nyeupe za damu ziitwazo seli T hupita zikikagua. Vipande vya kawaida zinavifahamu na huviacha. Lakini vinasaba vya seli vikiharibika, kwa moshi wa sigara, kwa jua kali, kwa virusi, au kwa makosa tu yanayotokea seli zinapogawanyika, seli hiyo huweza kutengeneza protini zenye kasoro. Kipande chenye kasoro kikionekana nje, seli T inayokitambua hushikamana na seli hiyo, huutoboa utando wake na kuingiza vimeng'enya vinavyoilazimisha kujiua. Seli ikificha kitambulisho ili isikaguliwe, bado haijanusurika: kundi jingine, seli NK, huwinda hasa zile zisizo na kitambulisho.

Seli T haianzi kazi hiyo bila kupewa taarifa. Kuna seli zinazokaa kwenye ngozi, mapafu na utumbo, zenye kazi inayofanana na ya mjumbe wa nyumba kumi: kuujua mtaa na kupeleka habari ya mgeni. Huokota mabaki ya seli zilizokufa, zikasafiri nayo hadi kwenye tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena, na huko zikawaonyesha seli T ushahidi. Seli T chache zinazoutambua ushahidi huo huzaliana zikawa jeshi, kisha huingia kwenye damu kwenda kutafuta.

Ulinzi huu unaweza kuishikilia saratani kwa miaka bila mwenyewe kujua. Mwaka 2003 madaktari wa Uskoti waliripoti kisa cha figo mbili zilizotoka kwa marehemu mmoja na kupandikizwa kwa wagonjwa wawili. Wote wawili wakapata melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, kutoka kwenye figo hizo. Marehemu alikuwa ametibiwa melanoma miaka 16 kabla na alihesabiwa kuwa amepona. Seli zilikuwepo muda wote huo, kinga yake ikizidhibiti. Zilipohamia kwa watu wanaomeza dawa za kushusha kinga, ili mwili usiikatae figo, zikapata nafasi ya kukua. Kila nikikisoma kisa hiki naona kimesema kuliko mihadhara mingi.

Sasa, uvimbe tunaoushika kwa mkono umetoka wapi? Umetoka kwenye seli zilizobaki baada ya nyingine kuuawa, na zilizobaki ni zile zilizojua kukwepa. Tukichukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, na kukitazama kwa darubini, mara nyingi tunazikuta seli T zimo ndani ya uvimbe. Zimefika, lakini zimezimwa. Kila seli T ina breki mwilini mwake, na breki hiyo ni ya lazima, la sivyo ingeshambulia viungo vyetu wenyewe. Moja ya breki hizo inaitwa PD-1. Baadhi ya saratani hutengeneza protini inayoikanyaga breki hiyo moja kwa moja. Nyingine huvuta seli za kutuliza kinga, hata zile seli kubwa zinazokula vijidudu, na kuzigeuza vibarua wa kuusaidia uvimbe kujenga mishipa ya damu.

Ndiyo maana naisema wazi: kwa mgonjwa wa namna hii, unga, majani au vidonge vya kuongeza kinga haviachii breki. Sina ugomvi na mlo mzuri, mgonjwa anauhitaji sana. Kinachoniumiza ni miezi sita inayopotea kwenye chupa, na uvimbe ambao ungeondolewa kwa upasuaji ukifika kwetu umeshasambaa.

Dawa zinazoachia breki zipo. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na zile za PD-1 zikafuata mwaka 2014. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walitunukiwa Nobel ya mwaka 2018 kwa utafiti ulioziwezesha. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alitangaza mwaka 2015 kwamba melanoma yake imefika kwenye ubongo. Alitibiwa kwa upasuaji, mionzi na mojawapo ya dawa hizi, akaishi hadi Desemba 2024, akiwa na miaka 100. Si kila mgonjwa hupata matokeo hayo. Saratani ya kongosho, kwa mfano, huzijibu kwa nadra. Bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi za kwetu. Na breki ikiachiwa, kinga huweza kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi ya thairoidi iliyo shingoni.

Iko tiba nyingine ya kinga ambayo ni ya zamani zaidi. BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu iliyotuachia kovu mkononi, hutiwa kwa mpira ndani ya kibofu cha mkojo ili kuiamsha kinga ya pale pale, kwa saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli. Matumizi haya yaliripotiwa mwaka 1976 na bado yanaendelea.

Kuna watu, hata hivyo, ambao kinga yao imeshuka kweli, na kwao jibu la lile swali ni ndiyo. VVU huua seli zinazoliongoza jeshi la kinga, na virusi vingine vilivyokuwa vimetulia hupata nafasi. Saratani ya Kaposi, yenye madoa ya zambarau au meusi kwenye miguu, uso au kaakaa, husababishwa na kirusi cha namna hiyo. Ikigunduliwa mapema, kwa baadhi ya wagonjwa madoa hufifia kwa ARV peke yake, kwa kuwa kinga imerudi kazini. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita hivi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU. Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, na wengine miaka 30. Wasichana wapate chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo ya mlango wa kizazi, kwa sababu inaifundisha kinga kukizuia kirusi kabla hakijaigusa seli.

Wengine ambao kinga yao hushuka kweli ni wanaopata dripu za saratani, kwa kuwa dawa hizo hupunguza pia seli nyeupe za damu. Kuweni na kipimajoto nyumbani. Homa ikifika nyuzi 38, hata kama ni saa nane za usiku, usimeze panadol ukasubiri kukuche. Nenda hospitali, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba uko kwenye dripu za saratani na una homa.