Kikosi cha Argonne Hakikupotea Njia

Tangu Oktoba 1918 wengi wameamini kwamba kikosi cha Meja Charles Whittlesey, cha Divisheni ya 77 ya askari wa miguu wa Marekani, kilipotea njia katika msitu wa Argonne, Ufaransa, na jina la “Batalioni Iliyopotea”, lililoenezwa na magazeti, limeikoleza imani hiyo. Sivyo ilivyokuwa. Tarehe 2 Oktoba askari hao zaidi ya 500, ambao kwa hakika walitoka katika vikosi kadhaa wala hawakuwa batalioni moja, walifika pale pale walipoamriwa kufika; waliokwama ni wenzao wa kulia na kushoto, ndipo Wajerumani wakapenya nyuma yao na kuwazingira. Whittlesey alijua alipo, na aliwaarifu wakuu wake kwa ujumbe uliobebwa na njiwa. Hata hivyo, tarehe 4 mizinga ya Marekani yenyewe iliwaangukia, kosa ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kukumbukwa kuliko hadithi ya kupotea. Walipofikiwa jioni ya tarehe 7, walioweza kutoka kwa miguu yao walikuwa 194 tu.