Jumla ya wigo wa tatu haikuambii nani anachafua zaidi

Kazi yangu ni kusoma ripoti za gesi joto za makampuni kwa ajili ya wawekezaji. Wengi hutaka nambari moja kwa kila kampuni, waipange kuanzia safi hadi chafu. Kwa wigo wa tatu huwa nawakatalia.

Ripoti hizo hugawa gesi joto katika makundi matatu yaitwayo wigo. Wigo wa kwanza ni moshi wa mitambo ya kampuni yenyewe, wa pili ni wa umeme inaonunua. Wa tatu ni mengine yote: kwa wanaoiuzia malighafi, njiani, hadi mikononi mwa mteja. Mwongozo wa 2011 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto, unaugawa wigo huu katika mafungu 15. Kwa kampuni ya mafuta, fungu la 11, matumizi ya bidhaa zilizouzwa, ndilo kubwa kupita yote, kwani mafuta huchomwa na mnunuzi.

Tazama Shell na BP. Shell huhesabu hata mafuta na gesi iliyochimbwa na wengine, ikanunua na kuuza tena. Jumla yake hupita tani bilioni 1 kwa mwaka. BP, katika lengo ililotangaza 2020, ilihesabu kaboni ya mafuta na gesi inayochimba yenyewe tu, bila hisa zake za Rosneft, kampuni ya mafuta ya Urusi: tani milioni 361 kwa mwaka 2019. Ukiziweka nambari hizi bega kwa bega, Shell itaonekana chafu karibu mara tatu. Lakini BP nayo huuza mafuta mengi kuliko inayochimba, na hayo hayamo humo. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja amepima kitu chake.

Bidhaa zinazonunuliwa, fungu la 1, zinanisumbua zaidi. Kampuni nyingi huzidisha fedha zilizotumika kwa wastani wa sekta. Bei ya chuma ikipanda, hesabu ya gesi nayo inapanda, ingawa chuma ni kilekile. Na muuza chuma akihamia umeme safi, hesabu haitikisiki.

Kwa hiyo naanza na kurasa za mwisho za ripoti, palipoelezwa njia ya kuhesabu. Nalinganisha fungu kwa fungu, pale tu mipaka inapofanana. Zaidi ya yote naipima kampuni dhidi ya miaka yake yenyewe, kwani hata waandishi wa mwongozo ule waliukusudia kwa kazi hiyo, si kwa kushindanisha makampuni. Fungu lisiloelezwa lilivyohesabiwa, naliacha tupu kwenye jedwali.