“Si Mna Mtambo? Uwasheni Basi”: Ninayoyasikia Kila Siku Kwenye Boti ya Nyangumi

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Mzee mmoja wa Nairobi, amekuja na wajukuu zake, tumetoka bandari ya Húsavík kama dakika arobaini hivi na bahari imetulia kama ya kwenye sahani. Akanisogelea pale kwenye usukani, akaninong’oneza kwa upole wa mtu anayenihifadhia aibu: “Kijana, si mna mtambo? Uwasheni basi.” Nikamwambia, “Mzee wangu, mtambo ndio huu,” nikimwonyesha macho yangu. Akadhani namfanyia utani.

Mimi ni mtu wa Malindi, na kwa misimu kadhaa sasa kiangazi changu chote kinaishia hapa Ghuba ya Skjálfandi, kaskazini mwa Iceland, nikiongoza watalii wa nyangumi. Nimezoea baridi, nimezoea kutapikiwa kiatu. Hili la mtambo ndilo limenishinda kulizoea.

Watu wanaamini nahodha ana skrini inayoonyesha nyangumi mmoja mmoja, kama unavyoona teksi ikikufuata kwenye simu. Ukishaamini hivyo, kila dakika bila nyangumi ni uvivu wa mtu fulani. Wapo walioniambia usoni kwamba tunawazungusha makusudi ili saa tatu za tiketi zitimie.

Sasa nisikilizeni. Ile mashine iliyo mbele ya nahodha hupima kina. Inapiga sauti kwenda chini na kusikiliza mwangwi, basi inaona kilicho chini ya boti: mwamba, mchanga, labda kundi la samaki. Nyangumi aliye maili moja ubavuni haimjui hata kidogo. Na vile vifaa vya satelaiti ambavyo watafiti huwabandika nyangumi, wamebandikwa wachache sana, na mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari. Kifaa hutuma habari nyangumi akiwa juu. Akiwa juu namwona mwenyewe.

Kinachotumika ni hiki. Kabla ya kung’oa nanga nahodha anaongea kwa redio ya upepo na boti zilizotoka asubuhi: nani kaona nini, wapi, akielekea wapi. Tukifika nje tunaigawa bahari, mimi upande wangu, mwenzangu upande wake, na tunaipangusa kwa macho polepole. Mbele ya milima ya Kinnarfjöll, ng’ambo ya ghuba, pumzi ya nyangumi huonekana mbali kwa sababu nyuma yake ni kweusi. Mbele ya ukungu haionekani, hata akiwa karibu. Usipoona pumzi, tazama ndege. Buabua na shakwe wakishuka mahali pamoja kwa fujo, chini yake kuna uduvi au visamaki mfano wa dagaa, na penye chakula mwenye tumbo kubwa hayuko mbali. Ndiyo maana nyangumi wako hapa: mito inamwaga rutuba ghubani, mwanga wa Juni haukatiki hata usiku, na maji yanajaa vyakula. Bila ndege, tafuta duara laini juu ya maji, kama mtu kamwaga mafuta ya kupikia. Hiyo ni alama ya mkia uliopiga chini. Na kuna siku pua inatangulia macho. Nyangumi minki pumzi yake haionekani vizuri, lakini upepo ukikuletea harufu ya samaki waliooza, ujue yupo.

Halafu kuna kuhesabu, na hapa ndipo abiria wengi wanapojipunja wenyewe. Siku hiyo ya mzee tulimpata nyangumi wa nundu mbele ya omo, yaani pua ya boti. Nahodha akaondoa gia, tukaelea. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja chini kidogo ya ile iliyotangulia. Kisha mgongo ukapinda sana, nundu ikachomoza, mkia ukainuka mzima, maji yanachuruzika kingoni, kwa chini mweupe wenye madoa meusi. Watu wakashangilia, “Anatuaga!” Wakafunga kamera wakaingia ndani kugombania chokoleti ya moto.

Hakumuaga mtu. Mkia ukiinuka vile ana maana anakwenda chini moja kwa moja kula, na hapa ghubani kwa kawaida atakaa dakika tano hadi kumi. Mimi nikatazama saa. Dakika ya tano, kimya. Mzee bado kasimama ubavuni mwangu, labda kwa sababu ananikasirikia. Dakika ya saba nikaona chini ya maji kitu cha kijani kibichi, kama taa imewashwa kilindini. Hayo ni mapezi yake. Katika Atlantiki ya Kaskazini nyangumi wa nundu ana mapezi meupe, marefu karibu theluthi ya mwili, na maji haya yakiwa juu yake yanaonekana kijani. Akaibuka pale pale, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilitulowesha miwani. Wajukuu wako ndani na vikombe. Mzee akajifuta uso, akasema, “Kumbe mnahesabu.”

Kumbe tunahesabu, ndiyo.

Niseme na kosa langu, nisije nikaonekana najua kila kitu. Kwenye boti tunaelekeza kwa saa: omo ni pale mshale unapokaa kwenye 12, kulia ni 3, kushoto ni 9. Siku moja nina familia ya Waswahili watupu, nyangumi katokea kulia, nami kwa furaha nikapiga kelele: “Saa tatu! Saa tatu!” Familia nzima ikakimbilia kushoto. Walikuwa sahihi. Saa tatu ya Mswahili mshale uko kwenye 9, nami nilikuwa nimetafsiri saa ya Mzungu nusunusu. Walipogeuka maji yalishafunga. Tangu hapo nasema “kulia” na “kushoto” na kunyoosha mkono.

Hili lingine hutoka kwa watu wa kwetu tu: “Hawa si ndio wale wanaopita Watamu na Kizimkazi?” Hapana. Ni jamii moja ya nyangumi wa nundu, ila njia mbalimbali. Wa Watamu na Kizimkazi hupanda kutoka bahari ya Antaktiki, na Julai hadi Septemba wako pwani yetu kuzaa na kupandana. Miezi hiyo hiyo hawa wa huku wako mezani. Wao hushuka maji ya joto wakati wa baridi ya kaskazini, Karibi na wengine Kepuvede. Wa kule wakipanda ikweta, wa huku wako kaskazini kabisa. Na jamaa zetu walioko Omani nawaambia msione wivu: bahari yenu ina nyangumi wa nundu wasiohama kabisa, wako hapo mwaka mzima, na ni wachache mno.

Kwa hiyo pia usinilalamikie kwamba “wa Watamu waliruka na huyu haruki”. Kule kuna madume yanayoshindana, hapa kuna mtu anakula. Huruka siku akipenda, na sababu hatwambii.

Maji yanayoruka kichwani mwa nyangumi si maji. Ni pumzi ya moto ikikutana na hewa baridi, kama moshi wa chai, pamoja na ute na matone yaliyokuwa juu ya tundu zake za kupumulia. Tundu hizo haziungani na mdomo. Nyangumi si samaki, ananyonyesha, tumemaliza. Na koo lake huyu wa nundu ni jembamba, mtu mzima hapiti; habari za Nabii Yunus nawaachia masheikh na wachungaji.

“Julai si kiangazi?” Kiangazi cha nani? Mstari wa Aktiki uko kaskazini kidogo tu ya hapa. Nchi kavu unaweza kupata nyuzi 10 na jua zuri, baharini upepo unakukata masikio. Ovaroli tunayokupa vaa hata kama inaharibu picha. Glovu njoo nazo, maana atakayepiga picha kwa muda wa saa tatu mikono mitupu atashindwa kufungua zipu akienda msalani, na mimi hilo sisaidii.

Mwisho, tumbo. Kila safari kuna aliyekuja na njaa kwa kuambiwa kwamba tumbo tupu halilewi bahari. Linalewa, tena vibaya zaidi, kwa kuwa huna hata cha kutapika. Kula mkate, ndizi, kitu chepesi. Kidonge kinywe kabla ya kupanda, angalau nusu saa. Ukikinywa bahari imeshakulevya, unakitupa. Kaa nje katikati ya boti, tazama upeo wa macho, weka simu mfukoni. Usishuke kulala chini, huko ndiko wanakomalizikia wote. Na ikishindikana kabisa, kabla hujainama uliza kwanza upepo unatoka upande gani.