Indeksi ya imeili siyo kashe jamani

Hii ya "futa indeksi, ni kama kashe tu, itakuwa fasta" naomba tuiangalie vizuri, maana siku hizi kila mwenye programu ya imeili kama Outlook au Thunderbird inayotafuta kwa kujikokota anapewa jibu hilohilo.

Indeksi ni orodha ya maneno ambayo programu inajitengenezea pembeni: neno hili limo kwenye ujumbe huu na ule. Ukitafuta "invoisi" haianzi kufungua imeili mojamoja, inachungulia orodha na kukuletea majibu. Ndo hivyo tu.

Sasa kashe. Kashe ni nakala ya kitu kilichokwishaletwa, kimewekwa karibu ili kisifuatwe tena mbali, ukiifuta programu inakileta upya pale unapokihitaji na pengine hata hutagundua. Indeksi ukiifuta hakuna pa kuichukua, lazima programu isome imeili zako zote upya toka ya kwanza, na kama una GB 30 za barua kwenye diski ya zamani ile ya kuzunguka basi mashine itanguruma mpaka uichoke. Na muda wote huo majibu yanakuja nusunusu, halafu mtu anapiga kelele imeili zimepotea! Hazijapotea, bado hazijafikiwa.

Kwenye Outlook ya kawaida ya Windows kuna jingine watu hawaambiwi: inategemea Windows Search, yaani kitafutaji cha Windows yenyewe, kwa hiyo ukibonyeza Rebuild (jenga indeksi upya) umefuta na indeksi ya mafaili yako mengine yote. Kabla ya hapo bonyeza kisanduku cha kutafuta, nenda Search Tools, fungua Indexing Status, utaona zimebaki imeili ngapi kuorodheshwa. Nenda kanywe chai, rudi uangalie tena. Namba ikiwa imeshuka iache ifanye kazi, na ujue inapunguza mwendo wewe ukiwa unaitumia kompyuta, kwa hiyo kuikalia ukibofyabofya ndo unaichelewesha. Ikiwa imeganda palepale, hapo sawa, jenga upya.

Thunderbird yenyewe indeksi yake ni faili moja kwenye folda ya profaili (pale Thunderbird inapoweka barua na mipangilio yako), global-messages-db.sqlite, unafunga programu unaifuta ukifungua inaanza kuijenga tena, imeili haziguswi. Ila tafadhali usiichanganye na kukompakti folda. Ujumbe uliofuta unabaki ndani ya faili la folda umewekewa alama tu, kukompakti ndo kunautoa kabisa na faili linapungua. Nimeshaona watu wanakompakti wiki nzima wakisubiri utafutaji upone, wapi.

Na polepole siyo sawa na pungufu. Indeksi imemaliza kujengwa lakini ujumbe unaouona kwa macho kwenye folda hautokei ukiutafuta, hiyo ni indeksi mbovu, ifute. Majibu yanakuja yote ila yanachelewa, angalia kwanza antivairasi inayokagua folda ya barua kila ikiguswa, au diski iliyojaa, au kama ni akaunti ya kazini huenda utafutaji unafanyika kwenye seva na indeksi ya kompyuta yako haihusiki hata kidogo.

Kwa hiyo ndugu yangu unayemjibu mwenzio "futa indeksi", muulize kwanza: majibu yanachelewa au hayapo?