Pampu ya Moyo ni Nini?

Watu wakisikia fulani amewekewa pampu ya moyo, wengi hudhani moyo wake umetolewa na mtambo ukawekwa mahali pake. Sivyo. Moyo unabaki palepale. Pampu ni kifaa cha gramu 200 hivi kinachoshonewa kwenye ncha ya chini ya moyo ili kukisaidia chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini kote. Moyo wa bandia kamili ni kitu kingine: Barney Clark, daktari wa meno wa Marekani, aliwekewa huo Desemba 1982, akaishi siku 112.

Chumba cha kushoto kilicho kizima hutoa damu kama lita 5 kwa dakika, na kila pigo hutoa zaidi ya nusu ya iliyomo. Kwa mtu anayefikiriwa kuwekewa pampu, chumba kimetanuka na kulegea, kwa kawaida kinatoa chini ya robo. Damu hurundikana mapafuni, mgonjwa hawezi kulala bila mito mitatu, miguu inavimba, figo zinaanza kuchoka, na dawa zimefika mwisho wa uwezo wake.

Kuelewa pampu yenyewe, mtu wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali. Ni kama ile mota inayovuta maji kutoka tangi la chini na kuyapandisha tangi la paani. Mdomo wake umeingia ndani ya chumba cha kushoto. Upande wa pili una bomba la kitambaa la kipenyo cha milimita 14 lililoshonewa kwenye aota, mshipa mkuu. Katikati kuna feni inayozunguka, mara nyingi kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika. Katika pampu aina ya HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, feni hiyo inaelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa kitu, kwa hiyo haisagi chembe za damu kama zilivyofanya pampu za zamani. Kila sekunde 2 hubadili kasi kidogo ili damu isituame ndani yake.

Na kama mota ya maji, pampu haizalishi kitu. Inapandisha kile inacholetewa. Hapa ndipo penye siri ya matatizo mengi, na ndipo familia nyingi zinapoteleza. Tangi la chini likikauka, mota huvuta hewa. Chumba cha moyo kikipungua damu, ukuta wake hunyonywa ukaziba mdomo wa pampu. Mapigo huvurugika, mtiririko unashuka, na ukifika chini ya lita 2.5 kwa dakika kengele inalia. Dawa yake si kuongeza kasi. Kuongeza kasi kunazidisha kunyonya. Kinachotakiwa ni kujua damu imepungua kwa nini. Huenda ni jasho la joto la Machi bila kunywa maji ya kutosha, kuhara, kuzidisha dawa ya kukojoza, au kutokwa damu tumboni. Mwenye pampu asianze saumu ya Ramadhani kabla ya kuongea na daktari wake, maana saa 13 bila maji katika joto la Pwani si jambo dogo kwake.

Sababu nyingine ya tangi kukauka ni upande wa kulia wa moyo. Huo ndio unaopitisha damu mapafuni hadi upande wa kushoto, na pampu haiusaidii. Ukiwa dhaifu mno, pampu ya kushoto peke yake haitoshi. Ndiyo maana kabla ya upasuaji madaktari huupima sana upande wa kulia. Vilevile, mtu ambaye shida yake ni vali ya kushoto iliyobana kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni hahitaji pampu. Anahitaji vali yake itengenezwe.

Presha nayo ni kama urefu wa paa: ikipanda, pampu inasukuma kidogo, na hatari ya kiharusi inaongezeka. Lakini kuipima ni kazi. Damu inakwenda mfululizo, kwa hiyo mkono unaweza usiwe na mapigo kabisa na mashine ya kawaida ikaonyesha hitilafu. Hupimwa kwa mkanda wa mkononi pamoja na kifaa cha kusikiliza mtiririko kwa mawimbi ya sauti. Wastani wa presha unaotafutwa ni kati ya 70 na 90.

Umeme unaingia kwa waya unaotoboa ngozi ya tumbo. Nje, waya huo unaishia kwenye kidhibiti cha kuvaa kiunoni, chenye betri mbili zinazodumu hadi saa 17. Hubadilishwa moja moja. Usichomoe zote mbili kwa pamoja. Usiku mgonjwa huunganishwa na umeme wa ukutani, na stima ikipotea akiba ya ndani ya kidhibiti inatoa kama dakika 15 tu. Betri zilizojaa na tochi zikae karibu na kitanda, si kabatini chumba cha pili.

Tundu la waya ndiyo njia ya vijidudu. Waya ukivutwa, tuseme mfuko wa betri umedondoka au umenasa kwenye kitasa cha mlango, ngozi inachanika na uchafu unaingia. Bandeji ibadilishwe kwa mikono safi na glavu safi, na mapema zaidi ikilowa jasho. Wekundu, usaha au maumivu, hospitali siku hiyohiyo. Kuogelea baharini hakuna tena. Kuoga kwa bomba la mvua kunaruhusiwa jeraha likishapona, kifaa kikiwa ndani ya mfuko wake usiopitisha maji. Udhu haufiki tumboni. Josho la mwili mzima ndilo la kumuuliza sheikh pamoja na daktari.

Damu hupenda kuganda ikigusa chuma, hivyo mgonjwa hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kikikaa kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu hupunguza nguvu ya dawa hiyo; haviharamishwi, ila viliwe kwa kiasi kilekile kila wiki. Dawa za maumivu kama diklofenaki zisinunuliwe dukani: feni huikatakata protini ya kugandisha damu, na utumbo wa hawa watu hutoka damu kwa urahisi. Choo cheusi ni dalili ya hilo. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi, huku pampu ikila umeme zaidi ya kawaida, unaashiria bonge la damu ndani yake.

Ukimkuta ameanguka na hajibu, kukosa mapigo si ushahidi kwamba amekufa. Tazama kama anapumua na rangi ya midomo yake, kisha weka sikio chini ya ziwa la kushoto usikilize mvumo. Kama hapumui, mmoja aanze kubonyeza kifua mara moja, mwingine akague waya na betri, wa tatu apige simu.